Wagonjwa Watatu Katika Nyumba Moja: Uanze na Nani?



Mvua zikianza kunyesha Nakivale, foleni kwenye vituo vyetu vya afya inaanza kabla ya jua kutoka. Mbu wanaongezeka kwenye mabwawa ya kando ya ziwa, malaria inapanda, na watoto ndio wa kwanza kuanguka. Katika foleni hiyo utamwona mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine amemshika mkono, na kwenye mfuko wa plastiki ana daftari tatu za matibabu na kopo la makohozi la mume wake. Ukimwuliza "Umemleta nani leo?" anakosa jibu, kwa sababu amewaleta wote na mmoja amemwacha nyumbani.

Makala hii ni kwa ajili ya mama huyo, na kwa ajili ya baba, dada au kijana yeyote ambaye nyumba nzima inamtegemea wakati wa ugonjwa.

Tuchukue mfano. Hii si nyumba ya mtu fulani, kwa hiyo usianze kumtafuta jirani yako humu. Mama ametoka Kongo, anakaa upande wa Rubondo. Mume wake yuko katika mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Mama mkwe wake, ambaye watoto wanamwita koko, ana ugonjwa wa presha na vidonge vyake vimekwisha toka juzi. Mtoto wa miaka miwili ameamka na homa. Mama mwenyewe ana mimba ya miezi sita. Asubuhi hiyo hiyo ni siku ya mgao, maji yamekwisha kwenye jerikeni, na koko analalamika kichwa tangu alfajiri. Mama aanze na nani?

Anayenyamaza ndiye wa kuogopa

Wengi wetu tunaanza na yule anayelalamika zaidi. Ni kawaida ya binadamu, lakini mara nyingi tunakosea hapo. Mtoto anayelia kwa sauti bado ana nguvu ya kulia. Mtoto aliyekuwa analia jana, na leo amelala tu, akiitwa hafungui macho vizuri, huyo amezidiwa, hata kama nyumba imetulia na wewe umepata nafasi ya kufagia.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga kazi yoyote, zunguka nyumba. Mtazame kila mmoja, mguse, mwite jina lake.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, dalili za hatari ni hizi: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na ni vigumu kumwamsha. Tazama pia anavyopumua. Mfunue shati, hesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50 au zaidi, au mtoto wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifika 40 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi. Kama chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta pumzi, usisubiri kumaliza kuhesabu. Na mtoto wa chini ya miezi miwili hana muda wa kungojewa: akiwa na homa tu, au akikataa kunyonya, apelekwe.

Kwa mwenye mimba: kutoka damu, kuumwa kichwa sana huku macho yanaona giza, kuvimba uso na mikono, homa kali, maji kuvunjika kabla ya wakati, au mtoto kuacha kucheza tumboni.

Kwa mtu mzima mwenye presha: mdomo kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, maneno kukorogeka, kifua kubana. Katika nyumba zetu watu husema "amepigwa na upepo" na kuanza kumpaka mafuta. Tunaomba sana, mafuta yangoje. Kila saa inayopita ubongo unaharibika zaidi.

Yeyote mwenye dalili moja kati ya hizo ndiye wa kwanza, awe mkubwa au mdogo. Mwite mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) au mwenyekiti wa kijiji ili gari la wagonjwa liombwe. Kama gari linachelewa na boda boda ipo, muulize VHT kama mgonjwa anaweza kukaa juu yake salama.

Katika mfano wetu hakuna mwenye dalili hizo asubuhi hiyo. Hapo sasa tunaangalia kitu kingine: ugonjwa wa nani unakwenda mbio. Malaria ya mtoto mdogo inakwenda kwa saa. Asubuhi homa, jioni degedege. Ndiyo maana tunasema mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, au angalau ndani ya saa 24. Presha kwa kawaida inakwenda polepole na kimya kimya, lakini koko amekaa siku mbili bila dawa na kichwa kinamuuma. Naye asipite leo bila kupimwa. Kifua kikuu kinahesabiwa kwa miezi, ila vidonge vyake havirukwi hata siku moja.

Kwa hiyo mtoto anakwenda kituoni asubuhi, na koko anakwenda pamoja naye kama anaweza kutembea au kubebwa. Ni safari moja, foleni moja. Mkifika, mwambie muuguzi wa mapokezi tangu mwanzo kwamba mko wagonjwa wawili wa nyumba moja. Usingoje mtoto amalize kutibiwa ndipo uanze kusema habari za koko, saa nane mchana, wakati dirisha la dawa limejaa watu.

Na mgao? Mume anayemeza dawa za kifua kikuu vizuri, ambaye kikohozi kimepungua na nguvu zimerudi, anaweza kukaa kwenye foleni ya mgao chini ya mti. Mara nyingi tunamfanya mgonjwa kuwa mzigo mtupu wakati yeye mwenyewe anatamani kusaidia. Muulize nesi wa kifua kikuu kama ameshavuka kipindi cha kuambukiza. Wagonjwa wengi wanaotibiwa kwa dawa zinazofaa huacha kuambukiza baada ya wiki mbili hivi.

Dawa za huyu si za yule

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapoona madhara makubwa katika nyumba zenye wagonjwa wengi.

Kosa la kwanza ni kugawana. Mtoto mmoja amepimwa, amekutwa na malaria, amepewa Coartem. Usiku mdogo wake naye anapata homa. Mama anafikiri: ni mbu wale wale, ni ugonjwa ule ule, niwagawie. Tunaelewa moyo wake. Lakini hebu tufanye hesabu. Mtoto wa kilo 5 hadi 14 anapewa kidonge 1 asubuhi na 1 jioni kwa siku 3, jumla vidonge 6. Ukiwagawia wawili, kila mmoja anapata 3. Vidonge hivyo vinapunguza wadudu wa malaria, homa inashuka, mtoto anacheza, na wewe unamshukuru Mungu. Lakini wadudu waliobaki wanaongezeka tena, na baada ya siku chache una watoto wawili wagonjwa badala ya mmoja aliyepona. Tena huenda yule wa pili hakuwa na malaria hata kidogo. Pengine ni mapafu, na dawa ya malaria haitibu mapafu. Mrudishe kituoni apimwe. Hakuna atakayekugombeza kwa kurudi siku mbili mfululizo, na kama yupo, mwambie msimamizi wa kituo.

Coartem inatakiwa imezwe pamoja na chakula au maziwa, kwa sababu mafuta yanaisaidia kuingia mwilini. Mwenye uji tu, ampe uji wenye mafuta kidogo au karanga zilizosagwa. Dozi ya pili ni baada ya saa 8, halafu zinazofuata ni asubuhi na jioni. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, mrudishie dozi hiyo, na uende kituoni kuomba ya kufidia ili mwisho usipungue.

Kosa la pili ni kuchanganya. Dawa za nyumba nzima zinakaa kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye mti wa paa. Vidonge vya presha ni vyeupe na vidogo, na vingine vingi ni vyeupe na vidogo. Usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, nani atatofautisha? Mtoto akimeza vidonge vya presha vya koko anaweza kufa.

Njia yetu haina gharama. Kila mgonjwa awe na mfuko wake mdogo wa kitambaa, na kila mfuko uwe na uzi wa rangi yake: mwekundu wa baba, wa bluu wa koko, wa kijani wa mtoto. Nje ya pakiti chora jua kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa dawa ya jioni, ili hata asiyejua kusoma aweze kutoa. Ning'iniza mahali pakavu ambapo mtoto hafiki hata akipanda juu ya kiti. Na kila mtu awe na daftari lake la matibabu. Tumeona familia yenye daftari moja kwa watu watano, karatasi ya presha ya koko imefuatwa na karatasi ya kuhara ya mtoto. Siku ya haraka mganga anasoma ukurasa usio wake.

Kosa la tatu ni kuacha dawa kwa sababu "sasa ni mzima." Mwenye presha anameza kila siku hata kama kichwa hakiumi, kwa sababu presha haina kawaida ya kubisha hodi. Mwenye kifua kikuu cha kawaida anameza miezi 6: miwili ya kwanza dawa nne kwa pamoja, minne inayofuata dawa mbili. Mkojo ukiwa wa rangi ya machungwa asiogope, ni dawa. Macho yakiwa ya njano, hapo asingoje siku ya kliniki, aje mara moja.

Maana kifua kikuu hakikai kwa mtu mmoja

Kama mtu mmoja nyumbani amekutwa na kifua kikuu, wote waliolala chini ya paa lile wanatakiwa kuchunguzwa. Watoto wa chini ya miaka mitano wapelekwe hata kama hawakohoi. Mtoto mdogo mwenye kifua kikuu mara nyingi hakohoi kama mtu mzima. Anakonda tu, hachezi, homa haiishi. Akikutwa mzima anapewa dawa ya kumkinga. Mtoto wa mfano wetu, yule mwenye homa, mama yake akisema kituoni "baba yake anameza dawa za kifua kikuu," maneno hayo yanabadilisha kazi ya mganga. Asiposema, watapima malaria na kumrudisha nyumbani.

Wengi hawasemi kwa aibu. Wanaogopa kwamba kifua kikuu maana yake ni UKIMWI, na kwamba majirani watasikia. Kweli kila mwenye kifua kikuu anashauriwa kupima virusi vya UKIMWI, lakini wako wengi wenye kifua kikuu ambao hawana virusi hivyo. Na walio navyo, dawa zipo na zinawaweka wazima. Mhudumu haruhusiwi kutangaza habari zako.

Fungua madirisha mchana. Hewa na mwanga wa jua vinapunguza vijidudu ndani ya nyumba bila kulipa chochote. Huna haja ya kumtengea baba sahani na kikombe. Kifua kikuu hakiambukizi kwa sahani, kinaambukiza kwa hewa anapokohoa bila kufunika mdomo.

Mmoja akipelekwa Mbarara

Siku ngumu kuliko zote ni ile ambayo mganga anaandika rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara iko kilomita 60 hivi kutoka hapa. Ni hospitali ya serikali, na ndipo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989 wanajifunzia kazi, kwa hiyo usishangae kuona watu kumi wenye makoti meupe wamezunguka kitanda kimoja. Toka mwaka 2001 Uganda iliondoa malipo kwenye huduma za kawaida za serikali, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakutambua wewe. Hata hivyo dawa au kipimo kikikosekana unaweza kuambiwa ununue nje. Ndiyo sababu tunasisitiza barua ya rufaa: aliyekwenda mwenyewe bila barua, shirika linashindwa kumfuatilia.

Katika wodi za Mbarara wauguzi wanatoa dawa na sindano. Kuoga, kulisha, kufua na kumgeuza mgonjwa ni kazi ya mlinzi wa mgonjwa kutoka nyumbani. Hapo ndipo swali linapokuja: nani aende?

Si lazima awe mama wa nyumba. Jiulize nani akiondoka nyumba itabaki imesimama. Mama wa mfano wetu ana mimba, ananyonyesha nyumba nzima kwa namna ya kusema, na anajua dawa za kila mtu. Yeye akikaa Mbarara wiki mbili, dawa za mume zitarukwa na koko atasahauliwa. Kama kuna wifi, shemeji au kaka mwenye afya, aende yeye. Kama mgonjwa ni mtoto anayenyonya, basi mama lazima aende, na hapo inabidi tupange nyuma kwa nguvu zaidi. Ni vizuri mlinzi ajue Kinyankole au Kiingereza kidogo. Asiyejua, aulize kabla ya gari kuondoka kama kuna mkalimani au mfanyakazi wa shirika anayefuatilia wagonjwa wetu hospitalini.

Abebe barua ya rufaa, daftari la matibabu, dawa zote ambazo mgonjwa anameza hata kama ni za ugonjwa mwingine, kadi ya ukimbizi, beseni, sahani na kikombe, shuka, mkeka wa kulalia, sabuni, jerikeni dogo, nguo za kubadili na simu yenye chaji.

Karatasi ya familia ina shida yake, kwa kuwa ni moja. Ikienda Mbarara, waliobaki wanakwama. Toa fotokopi mapema, usingoje ugonjwa. Tena tangu uhakiki wa mwaka 2018 watu wanatambuliwa kwa alama za vidole na macho, kwa hiyo kama anayechukua mgao ndiye anayelazwa au ndiye mlinzi, nenda kwenye dawati la msaada kabla ya siku ya mgao uulize nani mwingine anaweza kuchukua. Na kama aliyekuwa analima au kufanya vibarua sasa hawezi, jambo hilo lisemwe pia. WFP ilianza mwaka 2023 kugawa msaada kwa kuangalia uhitaji wa kila nyumba, na nyumba iliyokuwa na nguvu mwaka jana inaweza kuwa imeanguka leo.

Likelemba ya siku

Wakongomani wanajua likelemba. Wanyarwanda wanaita ikimina, Wasomali ayuuto. Kila mmoja anatoa pesa kidogo, na kwa zamu mmoja anapokea zote. Tunapendekeza majirani wafanye likelemba ya siku badala ya pesa. Nyumba tano zinakubaliana: mwenye ugonjwa mkubwa, wengine wanampa kila mmoja nusu siku kwa wiki. Huyu anachota maji, yule anapika posho na maharage, mwingine anakaa na koko wakati mama yuko kliniki. Kesho zamu inageuka.

Wenyeji wetu wa Ankole na Kigezi wana kitu hicho tangu zamani. Wanaita engozi, yaani machela ya kubebea mgonjwa, na kikundi cha engozi ni majirani waliokubaliana kubeba wagonjwa wao kupitia milimani hadi hospitali. Warundi na Wanyarwanda mtaitambua, ni ingobyi yenu. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi, huko Rukungiri, ilianzisha bima ya afya kwa kutumia vikundi hivyo hivyo vya engozi, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuaminiana.

Shida ya kwetu ni kwamba jirani wa leo si wa kijiji chako, pengine hata si wa lugha yako. Lakini anajua maana ya mtoto mwenye homa. Omba kitu kimoja chenye saa: "Dada, kesho saa mbili hadi saa sita, unaweza kukaa na koko?" Hilo ni rahisi kukubaliwa kuliko "tusaidieni."

Usimtoe binti shuleni. Tunasema hivi wazi kwa sababu ndicho kinachofanyika: mama akizidiwa, msichana wa miaka kumi na miwili anaachishwa "kwa wiki moja," na wiki inakuwa muhula. Kama hakuna njia nyingine, mwambie mwalimu, na mwambie VHT, nafasi yake isipotee.

Na wewe mwenyewe

Mama wa mfano wetu hajala tangu jana. Amewapimia wote dawa, ameandika kichwani saa za kila mmoja, na kliniki yake ya wajawazito ameikosa mara mbili. Mtu anayelea wagonjwa wengi anaanza kukosa usingizi hata nafasi ya kulala ikipatikana. Anakasirika ovyo, anasahau dozi, analia akiwa peke yake. Wengine wanaume wanakimbilia waragi. Likikujia wazo kwamba ni afadhali ufe, au ukahisi unataka kumpiga mgonjwa, mwambie VHT au muuguzi siku hiyo hiyo, akuunganishe na mshauri.

Na siku hiyo ya homa ya mtoto, wakati bado uko kituoni, usiondoke kabla hujasema: "Na mimi nina mimba ya miezi sita, na mume wangu ana kifua kikuu." Uombe upimwe presha na damu, uulize kama unahitaji uchunguzi wa kifua kikuu, na uulize dozi yako ya kukinga malaria. Chandarua kilichobaki kimoja, lala chini yake wewe na mtoto.